SOMO: Kufufua ndege ya rimoti ya mtumba, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Wakuu habari zenu. Maswali ya hizi ndege yamekuwa mengi inboksi, naandika hapa mara moja ili kila mtu asome.

Cha kushika kabla hujagusa chochote: ndege iliyotumika sana kinachoimaliza ni gundi. Imeanguka, mwenyewe kapaka epoksi, imeanguka tena kapaka juu ya ile ya kwanza, mwisho imekuwa nzito halafu watu wanasema mota imechoka. Na sisi tuko juu huku, Arusha mjini ni kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Tanga, bawa linabeba kidogo na propela inavuta kidogo. Moshi mna nafuu ila sio sana.

1. Ipime kwanza. Mzani wa jikoni unatosha. Andika uzito wake, halafu tafuta uzito wa kiwandani wa modeli hiyo. Ukikuta imezidi sana ujue kazi yako ni kutoa, kuongeza baadaye.

2. Isafishe. Vumbi kwa brashi kavu, halafu kitambaa chenye maji ya sabuni. Kama ni ya balsa (ile mbao nyepesi sana) yenye injini, ile mafuta iliyonyonywa na mbao haishiki gundi, futa na spiriti mpaka kitambaa kitoke safi.

3. Ikague kwa mikono. Shika bawa ncha zote mbili, likunje kidogo tu karibu na sikio. Ukisikia kale kamlio ka krr krr kuna ufito umevunjika ndani hata kama juu panang'aa. Vuta kila bawaba ya elevata (kibawa cha mkia cha kupanda na kushuka), rada (kile cha mkia kilichosimama) na eleroni (vile vya nyuma ya bawa), vuta kweli usione huruma, bora ing'oke mezani. Tikisa bodi, kikigonga kitu ndani kitafute mpaka ukione.

4. Toa gundi ya zamani. Hapa ndio kwenye kazi yenyewe na ndipo watu wanaporuka. Chukua wembe mpya, kata yale mabonge kidogo kidogo, malizia na msasa laini. Anza na MKIA. Mkia uko mbali na bawa kuliko pua, kwa hiyo gramu moja ya gundi kule nyuma inakudai gramu mbili au tatu za risasi (ile metali nzito) mbele ili ndege isawazike, yaani unabeba mzigo mara mbili kwa uchafu wa mtu mwingine. Sehemu za povu zilizobonyea mwagia maji yaliyokaribia kuchemka, lile povu gumu lenye kunesa linavimba linarudi lenyewe bila gundi yoyote. Palipokatika unganisha kwa epoksi nyembamba, ndani chomeka vijiti vya mishikaki, vya mianzi ni vyepesi na vina nguvu. Supaglu ijaribu kwanza mahali pa kificho, lile povu jeupe la kufungashia TV inaliyeyusha hapo hapo.

5. Umeme. TOA PROPELA KWANZA, hili silijadili. Washa, zungusha sevo (vile vimota vinavyosukuma vibawa) moja moja taratibu, ikiruka au ikikwaruza meno yameisha, badilisha. Halafu hakikisha pande: stiki kulia, eleroni ya kulia inapanda juu. Ndege nyingi zilizofufuliwa zinakufa siku ya kwanza kwa sababu waya zilirudishwa kinyume.

6. Usawa. Weka betri ndani, inyanyue kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu asilimia 25 mpaka 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Pua ikiinama kidogo sawa. Mkia ukishuka usirushe. Sogeza betri mbele kabla hujafikiria risasi.

Kurusha: asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, uwanja mpana, mbali na uwanja wa ndege wa Kisongo, wa Moshi na KIA (ule wa Kilimanjaro), na hifadhini usithubutu. Habari za vibali waulizeni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

MASWALI

Swali: Mkuu betri yangu ya lipo (lithiamu polima) imevimba kidogo lakini inajaa vizuri, niitumie tu?
Jibu: Hapana chifu. Ikivimba imeisha, usiitoboe, na usiichaji tena. Nzima ikijaa ni volti 4.2 kwa seli, ukiiweka bila kutumia iache kwenye 3.8.

Swali: Mimi niko Moshi, nina ya balsa ya injini, mafuta yake sipati popote. Naweza kutia petroli?
Jibu: Hizo injini ndogo za plagi ya kuwaka zinakula methanoli yenye oili na nitromethani, petroli haifai. Kama unaipenda fungua injini uweke mota ya umeme, ila utaanza upya hesabu ya usawa maana uzito wa pua unabadilika.

Swali: Kaka propela imemeguka ncha kidogo saana, supaglu haitoshi?
Jibu: Dada yangu tupa hiyo. Inazunguka maelfu kwa dakika, kipande kikichomoka kinaingia jichoni. Na hata isipokatika, mtetemo unalegeza skrubu za mota.

Swali: Nikimaliza naweza kupiga rangi ya spreya ya gari ipendeze?
Jibu: Kwenye povu jeupe itakula, na kwenye balsa itaongeza uzito. Mimi napaka rangi ya maji, mkono mmoja mwembamba, juu na chini rangi tofauti ili ikiwa angani ujue imelala upande gani. Mkia nauacha bila rangi.

Swali: Hata stika?
Jibu: Stika moja ruksa, weka puani.