SOMO: Jinsi ya kukusanya seti ya sura za watu wa kale (tunaanza na Holbein na watu wa Henry VIII)

Habari zenu wakuu. Somo la leo ni la wale wanaopenda picha za kuchorwa za zamani, zile sura za wafalme, makansela na mabibi wa Ulaya miaka ya 1500 na 1600, na wanatamani kuwa na seti yao ukutani au kwenye laptopu. Orijino sahau, ziko makumbusho na hata zingekuwa sokoni mimi na wewe tusingezigusa. Ila faili zake nzuri zipo bure kabisa. Shida ni kwamba wengi tunadaunlodi hovyo, leo Napoleon, kesho Mona Lisa, keshokutwa papa fulani hata jina hulijui, mwisho wa siku una folda imejaa na huwezi kumwelezea mgeni hata picha mbili. Hiyo sio seti, ni gulio. Kwangu mimi seti ni watu waliokuwa wanajuana, waliooana, waliokula meza moja na kupelekana kunyongwa. Ukianzia hapo kazi inakuwa tamu.

Hatua ya 1: Chagua mchoraji mmoja na kundi moja la watu

Nitatumia mfano wa Hans Holbein yule mdogo (baba yake alikuwa mchoraji na jina ni hilo hilo, kwa hiyo ukitafuta angalia usichanganye). Mjerumani wa Augsburg, akafanya kazi Basel kule Uswisi, akaenda Uingereza mara ya kwanza 1526, akarudi tena 1532 na makao yake yakawa huko mpaka alipofia London 1543. Sasa angalia hiyo miaka, ndio kipindi Henry VIII, mfalme wa Uingereza, anaoa na kuacha, anagombana na Papa, anakata vichwa vya watu wake wa karibu, na Holbein yupo hapo hapo na brashi yake.

Hatua ya 2: Andika orodha kwanza, kudaunlodi baadaye

Hapa ndipo utamu ulipo kwa hiyo nitakaa kidogo. Orodha yangu ya kuanzia iko hivi:

Thomas More (aliyekuwa kansela wa Henry), 1527, na Thomas Cromwell, 1532 hadi 1533. Wote wako Frick Collection, New York. Tajiri Henry Clay Frick alimnunua More 1912 na Cromwell 1915, na wamewekwa ukuta mmoja, huyu kushoto kwa sehemu ya kuotea moto na yule kulia, wanatazamana. More aligoma kula kiapo cha kumtambua mfalme kama mkuu wa kanisa, akakatwa kichwa Julai 1535 wakati Cromwell ndiye waziri mwenye nguvu. Miaka mitano mbele, Julai 1540, Cromwell naye akapita njia ile ile. Ukiwa na hao wawili tu tayari una seti.

Henry mwenyewe, kama 1537, yuko Museo Thyssen-Bornemisza, Madrid. Jane Seymour, mke wa tatu, yuko Kunsthistorisches Museum, Vienna. Huyu alijifungua mtoto wa kiume Oktoba 1537 na akafariki siku chache baadaye. Mtoto ndio huyo Edward, Holbein alimchora akiwa bado mdogo kabisa na njuga ya dhahabu mkononi, na chini kuna shairi la Kilatini linamwambia amuige baba yake (masikini mtoto, amuige kwa lipi). Iko National Gallery of Art, Washington.

Halafu inakuja ile biashara ya kutafuta mke mpya. Christina wa Denmark alikuwa mjane wa miaka 16, mke wa marehemu mtawala wa Milan. Machi 1538 Holbein akatumwa Brussels, akapewa masaa matatu tu ya kukaa naye, akarudi na michoro akatengeneza picha ya mwili mzima, bibie kavaa nguo nyeusi za msiba. Ndoa haikufungwa. Leo yuko National Gallery, London. Mwaka uliofuata akatumwa kumchora Anne wa Cleves, picha iko Louvre. Huyu aliolewa Januari 1540 na Julai ndoa ikafutwa, na Cromwell ndiye alikuwa mshenga mkuu wa hiyo ndoa, sasa unaona uzi unavyoenda.

Hiyo ni saba. Inatosha kuanza, wengine kama askofu mkuu Warham (Louvre pia) utawaongeza taratibu.

Hatua ya 3: Tafuta faili kubwa kuliko zote

Usisevu picha inayotokea kwenye matokeo ya Google, hiyo ni kivuli tu. Nenda saiti ya makumbusho yenyewe kwanza, kisha Wikimedia Commons (hifadhi ya picha za bure mtandaoni), na ukifika Commons usisevu ile inayoonekana kwenye skrini, bofya mpaka ufike faili la orijino. Washington wanatoa faili kubwa bure bila masharti, makumbusho ya Met (Metropolitan) ya New York nayo tangu Februari 2017, Rijksmuseum ya Amsterdam hali kadhalika.

Hesabu ya kujua kama faili linatosha: chukua pikseli, gawa kwa 300 (pikseli za kila inchi ya printi), zidisha kwa 2.54, unapata sentimita. Faili lenye pikseli 4000 kwenda juu linakupa kama sentimita 34 safi. Kwa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya kutazamwa kwa mbali ukutani unaweza kugawa kwa 150 na mambo yakaenda.

Jambo la rangi sasa. Picha moja utaikuta na rangi tano tofauti, kuna watu wanaongeza rangi kwenye faili mpaka mfalme anakuwa kama katuni. Kanuni yangu ni kuiamini makumbusho inayoimiliki. Na angalia faili ni la lini, mfano Anne wa Cleves, faili za zamani nyuma yake kuna kijani cha giza lakini baada ya Louvre kuisafisha hivi karibuni imeonekana ni bluu ya kuwaka. Ukichukua la zamani unachukua uchafu wa miaka.

Hatua ya 4: Soma lebo kama unasoma mkataba

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Lebo ikisema "attributed to" maana yake wataalamu wanadhani ni yeye. "Workshop of" ni vijana wa karakana yake. "After" ni kopi iliyofanywa na mtu mwingine, pengine hata miaka 100 baadaye. Ile picha maarufu ya Henry kasimama katanua miguu, mkono kiunoni, ambayo kila mtu anaijua? Orijino ilikuwa ukutani kwenye kasri la Whitehall, ikaungua 1698. Unazoziona zote ni kopi, mojawapo nzuri iko Walker Art Gallery, Liverpool. Kopi sio dhambi, iweke, ila iandike kopi.

Na jina la mtu kwenye picha nalo sio msahafu. National Portrait Gallery ya London wana picha ya mwanamke wa kama 1545 ambayo kwa miaka mingi iliitwa Lady Jane Grey, baadaye kito alichovaa kikachunguzwa na ikakubalika ni Catherine Parr, mke wa sita wa Henry.

Hatua ya 5: Jina la faili

Mwaka, mhusika, mchoraji, makumbusho, namba ya makumbusho. Basi. Mfano: 1538_Christina_Holbein_NGLondon_NG2475. Anne wa Cleves namba yake Louvre ni INV 1348. Hiyo namba ndio kitambulisho, majina yanabadilika ila namba haibadiliki kirahisi.

Hatua ya 6: Kuprinti

Usiprinti zote A4. Henry wa Madrid ni sentimita 28 kwa 20 tu, mdogo kuliko karatasi ya A4, wakati Christina ana karibu sentimita 179 kwenda juu. Ukiwalinganisha umeua kila kitu. Chagua uwiano mmoja, nusu kwa mfano, halafu wote wapunguze kwa uwiano huo huo. Stationery wakikuambia wanayo karatasi ya kung'aa, kataa, omba isiyong'aa maana taa ikipiga kwenye ile ya kung'aa huoni uso. Lamination kataa pia. Fremu nyembamba ya mbao nyeusi kwa fundi wa mtaani inatosha.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WADAU

Mkuu Anne Boleyn mbona hujamweka, si ndio mwenye stori yenyewe?

Kwa sababu hakuna picha ya rangi ya Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry, iliyochorwa akiwa hai ambayo wataalamu wote wanakubali ni yeye. Ile ya mkufu wenye herufi B ni kopi ya miaka ya mwisho ya karne ya 16, yaani baada ya yeye kuuawa 1536. Kuna michoro ya chaki ya Holbein imeandikwa jina lake ila inabishaniwa. Mimi nimeacha fremu tupu kati ya Henry na Jane na wageni wote wanauliza hiyo kwanza.

Nimepata More mdogo sana nikamkuza kwa AI, katoka safi kweli, ni sawa?

Hapana mkuu, futa. Mwangalie More wa Frick kwa karibu, kidevuni ana vindevu vya siku moja mbili, mtu hajanyoa, na mikono ya nguo ni mahameli nyekundu ambayo unaona kabisa mikunjo inavyokamata mwanga. AI inavichukulia vile vindevu kama uchafu wa picha inavipaka, unapata sura ya mtu mwingine anayefanana na More. Mtafute kwenye faili kubwa, lipo.

Natumia simu tu na bando ni la mawazo. Nifanyeje?

Chagua kwa picha ndogo, weka linki zako sehemu moja, halafu siku ukipata waifai ushushe saba zako tu na uziweke kwenye flashi. Usifungue faili kubwa kwenye simu yenye memori ndogo, itaganda.

Naweza kuprinti nikauza? Au kuweka kwenye tisheti?

Mimi sio wakili. Ninachojua, michoro yenyewe haina hakimiliki, imepita miaka mingi mno. Ubishi uko kwenye picha ya kamera iliyopiga ule mchoro. Marekani mahakama moja ya New York iliamua 1999 kwamba kuupiga picha mchoro bapa vile vile ulivyo hakuzai hakimiliki mpya, na Ulaya sheria ya 2019 imeelekea huko huko. Lakini National Gallery ya London masharti ya saiti yao yanakataza biashara. Kwa kuuza, usijitafutie kesi, chukua za Washington, Met, Rijksmuseum.

Somo zuri ila wote wazungu. Waafrika hawakuchorwa?

Walichorwa, na hiyo ni seti ninayoipenda sana ingawa ni fupi. Dom Miguel de Castro, mjumbe kutoka Soyo katika ufalme wa Kongo, alifika Uholanzi 1643 na akachorwa na kofia yenye unyoya mwekundu, pamoja na wasaidizi wake wawili kila mmoja na picha yake. Ziko Statens Museum for Kunst, Copenhagen, bure kabisa. Ongeza Juan de Pareja, picha ya Velázquez (mchoraji wa Hispania) ya 1650, Met namba 1971.86. Huyu alikuwa mtumwa kwenye karakana ya Velázquez, akaachiwa huru na akawa mchoraji mwenyewe. Na yuko balozi wa Morocco aliyekwenda kwa Malkia Elizabeth I mwaka 1600, picha iko University of Birmingham.

Vasco da Gama wa kwenye vitabu vya shule je, yule mzee mwenye ndevu ndefu?

Angalia chanzo chake. Kuna moja inayosambaa sana ya mchoraji António Manuel da Fonseca, iko makumbusho ya Greenwich, London, ni ya 1838. Jamaa alifika Malindi 1498 na alikufa 1524, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kwenye seti yako iandike mwaka wa mchoro, sio mwaka wa mtu.

Kuna kitu cha zamani kweli naweza kununua, sio printi?

Kipo, chapa za shaba, yaani picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Tafuta za Wenceslaus Hollar, alichonga nyingi miaka ya 1640 akifuata kazi za Holbein, au za Houbraken za watu maarufu wa Uingereza zilizotoka London 1743 hadi 1752. Kabla hujatoa hela, pitisha kidole pembeni ya picha utafute alama ya bamba ilivyobonyeza karatasi, kisha inyanyue kwenye mwanga uone mistari ya karatasi ya zamani, halafu chukua lensi. Ukiona mistari ya wino iliyochongwa endelea kuongea bei. Ukiona vidoti vidoti vya mashine kama vya gazeti, mrudishie mwenyewe.