Ramani ya miembe ya Ujiji, toka kwenye kamba mpaka kwenye bango

Nimeulizwa sana nilivyolitengeneza lile bango lenye ramani ya miembe ya zamani hapa Ujiji, basi naandika mara moja tu.

Hatua ya 1: chora bango kabla hujapima chochote
Peni na karatasi, basi. Mi mara ya kwanza nilikimbilia data, nikarudi na kolamu kumi na tisa, kumbe kwenye bango zinaingia nne, alafu ile muhimu kabisa, kwamba mti bado unazaa au unakauka, sikuiuliza. Nikazunguka upya juani.

Hatua ya 2: fomu
KoboCollect, ile app ya kujazia fomu kwenye simu, inatosha, unajaza bila bando ukirudi ndo unatuma. Hali ya mti usiandike "nzuri" au "mbaya", kila mtu ana nzuri yake. Weka machaguo: unazaa, una matawi makavu, kisiki. Na mti ukiwa uani kwa mtu piga hodi kwanza, omba ruhusa.

Hatua ya 3: kupima
Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150, mwembe mkubwa haizunguki. Chukua kamba, izungushe kwenye shina mita 1.3 toka chini, funga fundo pale inapokutana, kisha ilaze chini uipime. Ila jamani, mzingo sio umri! Mti wenye maji unanenepa haraka. Wazee watakwambia huu ulipandwa na watu wa misafara, andika hivohivo kwenye kolamu yake ya masimulizi, usiigeuze kuwa mwaka. Hata ule mwembe wa Livingstone na Stanley, walikutana 1871 sawa, lakini mti wenyewe haupo tena, na ile iliyopo pale makumbusho inasemekana imetokana nao.

Hatua ya 4: kusafisha
Hapa ndo usiku unaishia. Kila mti una namba mbili za mahali ulipo, latitudo na longitudo. Ujiji iko kama -4.91 na 29.68, sasa baadhi ya namba nilizichapa kwa mkono nikasahau alama ya kutoa, nikafungua QGIS, programu ya kuchorea ramani, nakuta miembe yangu imeota Sudani Kusini. Ukibadilisha nafasi za namba mbili ndo kabisa, unaipeleka jangwani mpakani mwa Moroko na Aljeria. Kwa hiyo kabla ya rangi na mapambo, weka nukta zote kwenye ramani uziangalie kwa macho.

Hatua ya 5: dizaini
Kila mti niliuwekea duara kulingana na mzingo. Angalia hapa, mzingo ukiwa mara mbili usikuze upana wa duara mara mbili, kwa sababu eneo linakuwa mara nne na mti unaonekana jitu. Kuza eneo. Rangi nilipanga kijani kwa unaozaa na nyekundu kwa kisiki, stationari wakanitolea kopi nyeusi, vyote vikawa kijivu kilekile, nikaona aibu. Siku hizi natumia maumbo: duara lililojaa, duara tupu, msalaba.

Hatua ya 6: wapelekee wazee kabla ya kuprinti nyingi
Nilibandika kopi moja barazani wanapokunywa kahawa. Mzee mmoja akalikagua kimya, akaweka kidole kwenye sehemu nyeupe, "Mwanangu, na ule wa kwa fundi baiskeli je?" Nikachukua kamba.