Kukagua kamera ya DSLR iliyotumika kabla ya kulipa
Usianze na megapikseli. 24 zinatosha kuchapisha picha safi ya A3. Anza na shata, pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Ya Nikon D750 ilijaribiwa kiwandani kwa mapigo 150,000. Piga picha moja, ifungue kwenye programu inayosoma EXIF (taarifa ambazo kamera huandika ndani ya picha), utaona imeshapiga mangapi. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo ndani ya picha, na neno la muuzaji si ushahidi.

Weka f/16 (tundu dogo la lenzi), piga ukuta mweupe mara mbili ukisogeza kamera kidogo, kisha kuza picha. Vidoa visivyohama ni vumbi kwenye sensa, sehemu inayopokea mwanga. Vumbi husafishika; ukiona mkwaruzo, achana na kamera hiyo.

Mtego mwingine ni lenzi: Nikon D3500 haina mota ya fokasi kwenye bodi, hivyo lenzi za AF-D, za Nikon zinazotegemea mota hiyo, utazungusha fokasi kwa mkono.