Somo: kupima mionzi kidogo sana kwenye shaba safi

Wadau wa Malindi, hili somo niliahidi kwa wale vijana wa fizikia. Lengo ni kujua kama shaba inayoitwa safi ina urani, thoriamu au potasiamu iliyojificha, vitu vinavyotoa mionzi.

Kwanza osha shaba. Vumbi lolote, hata hili la njia ya Mambrui, lina urani na thoriamu kidogo, jasho la kidole lina potasiamu, so glavu hazivuliwi, alafu unaitia asidi ngozi ya juu itoke na unasuuza kwa maji yaliyosafishwa sana.

Pili, boksi nene la risasi (ile metali nzito, inazuia mionzi ya nje), ndani yake ditekta ya jemaniamu, yaani kipima mionzi, inayopozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi -196. Puliza gesi ya naitrojeni humo muda wote kufukuza radoni, gesi ya mionzi iliyomo hewani, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanafunga wanaanza kupima saa hiyohiyo. Ngojeni jamani! Radoni inapungua nusu kila siku 3.8, ile iliyonaswa ndani iishe kwanza.

Tatu pima boksi tupu, na usiiruke hii. Sampuli ikitoa hesabu sawa na boksi tupu basi hujapima shaba, umepima boksi.

Nne weka shaba, acha wiki kadhaa, kisha tafuta vilele kwenye grafu: keV (kipimo cha nishati ya mionzi) 1461 ni potasiamu, 2615 ukoo wa thoriamu, yaani vitu vinavyozaliwa thoriamu ikioza, 609 ukoo wa urani. Hiyo 609 iangalie vizuri maanake inatoka kwa bismathi inayozaliwa baada ya radoni, hewa ikivuja utaona "urani" ambayo kwenye shaba haimo.

MASWALI

— Maalim, kwani risasi yenyewe haina mionzi?
Inayo mwanangu. Risasi mpya ina risasi-210, aina ya risasi inayotoa mionzi, inapungua nusu kila miaka 22 hivi. Ndo maana mtambo wa CUORE, wa kutafuta uozo adimu sana wa atomu, kule Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa mita 1400, umekingwa kwa risasi ya Warumi iliyotolewa kwenye meli iliyozama karibu na Sardinia.

— So meli ya miaka 500 iliyozama huku kwetu, risasi yake ingefaa?
Kwa mionzi ingefaa, ishapungua nusu zaidi ya mara 20. Lakini hiyo ni mali ya makumbusho, msiiguse kabisa.

— Kaka, kile kipimo cha Geiger cha mkononi hakitoshi?
Hakitoshi dada, mionzi ya mazingira inakizidi nguvu. Ukitaka kushuka chini zaidi unayeyusha shaba kwa asidi, unaipitisha kwenye mashine ya ICP-MS, inahesabu atomu za urani na thoriamu zenyewe bila kungoja zioze. Ila radiamu, mmoja wa ukoo wa urani, ikiwa kidogo hivyo haitaiona, kwa hiyo jemaniamu bado utaihitaji.