Kupandisha ruta juu ya paa kwa kebo moja tu

Shemeji yangu ana stesheneri Kibosho, juu ya Moshi. Nyumba imezungukwa na migomba na miparachichi, kwa hiyo 4G inashika vizuri juu ya paa tu. Chini mezani unapata mstari mmoja, tena wa kubembeleza. Tukaamua ruta ipande juu, na umeme uifuate kwenye kebo ileile inayoshusha intaneti hadi kwenye kompyuta. Kupitisha waya wa 230V juu ya bati, na masika yale, sikutaka hata kusikia.

Hatua ya 1. Soma kibandiko chini ya ruta. Yake imeandikwa 9V, 0.6A.

Hatua ya 2. Nunua vichwa viwili vya PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao), kile cha chini cha kuingizia umeme na kile cha juu cha kuutoa. Ndani hakuna maajabu: kebo ina jozi nne za nyaya; jozi ya buluu (pini 4 na 5) inabeba chanya, ya kahawia (7 na 8) inabeba hasi, data inabaki kwenye chungwa na kijani. Ruta ya gigabiti itashuka hadi Mbps 100, maana gigabiti inahitaji jozi zote nne. Kwa laini ya simu ya kule hutaona tofauti.

Hatua ya 3. Kebo iwe ya shaba tupu. Kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie muuzaji. Bana RJ45 (plagi ya kebo ya mtandao) ncha zote mbili, pima kwa testa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima. Nilichomeka adapta ya ruta chini, nikapanda na mita, nikapima: 9V kamili. Nikaunganisha ruta, ikawaka. Nikateremka nikijisifu. Mara Wi-Fi ikianza kufanya kazi, ruta inazima na kuwaka upya. Nikabadili RJ45, nikabadili adapta, nikailaumu hadi laini ya simu.

Kosa lilikuwa langu: nilipima bila mzigo. Waya usiopitisha mkondo haupotezi volti, kwa hiyo mita itakudanganya kila mara. Kebo yetu ni mita 32. Kwa Cat5e (kebo ya kawaida ya mtandao) ya shaba, ukihesabu kwenda na kurudi, waya mbili mbili zikisaidiana, ni kama omu 2.7. Zidisha kwa ampea 0.6: umepoteza volti 1.6, ruta inabaki na 7.4V. Kwa alumini ni mbaya zaidi. Pima ruta ikiwa imewaka na mtu chini anapakua kitu kizito.

Hatua ya 5. Dawa ni kupandisha 24V, kisha kuishusha kulekule juu kwa moduli ya LM2596, kibao kidogo cha kushushia volti. Volti ikiwa kubwa mkondo unakuwa mdogo, karibu ampea 0.3, na kebo inakula chini ya volti moja. Wapo wanaoweka adapta ya 12V na kuombea ifike 9V. Mimi siafiki: ruta ikitumia umeme kidogo, volti inapanda tena.

Rekebisha moduli mezani kabla haijagusa ruta. Skrubu yake ndogo ya shaba huzungushwa mizunguko mingi, na mwanzoni unaweza kudhani imekufa. Endelea mpaka mita isome 9V. Halafu angalia hili: plagi ya kichwa cha juu inaingia kwenye ruta bila shida yoyote, na sasa imebeba 24V. Mimi niliikata kabisa, nikaunga nyaya zake kwenye moduli. Chanya na hasi nazo hakikisha kwa mita, usiamini rangi.

Hatua ya 6. Ruta na moduli ziingie kwenye boksi la plastiki chini ya upenu, tundu la kebo liangalie chini, na kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke.

Kebo inayotoka paani iishie kwenye kichwa cha chini tu. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, unaweza kuunguza mlango wake wa mtandao. Nimeandika "UMEME" kwa makapeni juu ya RJ45 ile, na radi zikianza shemeji anachomoa ncha zote mbili za chini, ya adapta na ya kompyuta.