Chupa za maji zilizoganda badala ya barafu, Disney World

Nimejifunza hili tulipowapeleka watoto Walt Disney World, bustani za burudani huko Florida, Marekani: usiku wa kuamkia siku ya kwenda, gandisha chupa za plastiki za maji, asubuhi zizungushie chakula chenu cha mchana ndani ya begi la kutunza baridi. Pale wanaruhusu kuingia na chakula chako. Baadhi ya wanavyokataa ni pombe, vyombo vya kioo, barafu iliyomwagwa ovyo kwenye begi, na begi linalozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Chupa iliyoganda haimwagiki, na ikiyeyuka mchana mnakunywa maji baridi. Yakiisha, usinunue mengine. Migahawa ya chakula cha haraka yenye mashine ya soda hutoa kikombe cha maji ya barafu bure, hata kama hujanunua kitu. Omba tu.

Sisi tulifunga chapati na mayai ya kuchemsha. Chapati hailowi kama mkate, na kwa familia inayotafuta halali ni raha kujua kilichomo. Pesa iliyobaki watoto wakanunulia aiskrimu.

Mbinu hii haifai kama chumba chenu cha hoteli kina friji ndogo isiyogandisha. Uliza kabla ya kulipia. Wali na chochote chenye mayonezi viacheni, joto la Florida si la mchezo. Na msidhani kila bustani ina sheria hizi: Universal Orlando, palepale jirani, ni wakali zaidi kwenye chakula cha kutoka nje.