Moduli za SON zinapovutana: jinsi ya kuziratibu

SON ni mtandao wa simu unaojipanga wenyewe kwa moduli za programu, kila moja ikirekebisha vigezo vya seli, yaani maeneo yanayohudumiwa na antena za vituo. Fungua logi ya mabadiliko ya seli mbili jirani. Saa 3:00 asubuhi CIO (nyongeza au punguzo linalowekwa kwenye nguvu za jirani wakati wa kuamua simu ihamie kwake) imepandishwa hadi +4 dB, saa 3:30 imerudi 0, saa 4:15 imepanda tena, saa 4:45 imeshushwa, na vuta nikuvute hiyo inaendelea mpaka usiku. Ukiona hivyo, usianze kutafuta kasoro ndani ya moduli. Huenda hakuna hata moja yenye kasoro. MLB, inayogawa mzigo, imeona seli A imejaa ikasukuma simu kwenda B. MRO, inayolinda makabidhiano ya simu kati ya seli, imeona simu zilizosukumwa zinakatika, ikairudisha CIO pale ilipokuwa. Kila moja imesoma takwimu zake na kuamua sawasawa, na anayepigwa danadana ni mtumiaji aliye mpakani mwa seli.

Moduli hizi hazikuzaliwa pamoja. 3GPP, inayoweka viwango vya mitandao ya simu, ilianza na ANR, inayojenga orodha ya majirani, katika Toleo la 8, kisha MRO na MLB zikaja katika Toleo la 9. Kila moja iliandikwa kutatua tatizo lake, kwa hiyo kuzipatanisha ni kazi inayoachiwa anayeendesha mtandao.

Anza na jedwali la nani anagusa nini

Kabla ya kuwasha mratibu wa aina yoyote (programu inayoamua moduli ipi ibadilishe nini na lini), andika kila moduli inabadilisha vigezo gani, na inasoma takwimu zipi ili iamue. MRO inabadilisha CIO, histeresi (pengo la ziada linalozuia simu kuhamahama) na muda wa kusubiri kabla ya kuripoti (TTT), na inasoma makabidhiano yaliyofeli: yaliyochelewa, yaliyowahi mno, na yaliyopelekwa seli isiyofaa. MLB nayo inabadilisha CIO, lakini inasoma mzigo. CCO, inayosimamia ueneaji wa mawimbi na uwezo wa seli, inabadilisha mwinamo wa antena na nguvu za kurusha. COC, inayofidia seli iliyokufa, inagusa vigezo hivyohivyo vya majirani pale seli moja inapokufa. Moduli ya kuokoa umeme inazima na kuwasha seli.

Jedwali likikamilika utaona migongano ya aina tatu. Ya kwanza iko wazi: moduli mbili zinashika kigezo kimoja, kama MRO na MLB. Ya pili ni vigezo tofauti vyenye matokeo yaleyale. CCO ikiinamisha antena ya A kwa nyuzi 2 zaidi, mpaka kati ya A na B unasogea kuelekea A, na CIO ambayo MRO iliipima kwa uangalifu sasa ni ya mpaka usiokuwepo. Ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayopoteza muda mwingi zaidi: mabadiliko ya moduli moja yanachafua takwimu za nyingine. Hakuna kigezo kilichogongana, ila MRO inahesabu leo makabidhiano yaliyofeli kabla antena haijainamishwa na baada ya kuinamishwa, inayachanganya, na inaamua kwa wastani usio na maana.

Hesabu muda ambao takwimu zinahitaji kukomaa

Hapa ndipo waratibu wengi hukosea. Wanafunga kigezo kwa muda wa kutekeleza badiliko tu, kana kwamba badiliko likishaingia kazi imekwisha.

Chukua kaunta (hesabu za matukio ya seli) zinazokusanywa kila dakika 15. Badiliko limeingia saa 4:07. Kipindi cha 4:00 hadi 4:15 kina dakika saba za hali ya zamani na nane za hali mpya, kwa hiyo kitupe. Kipindi safi cha kwanza ni 4:15 hadi 4:30, na faili lake hufika baada ya hapo. Moduli inayoamua saa 4:20 inaamua kwa takwimu za hali ambayo haipo tena.

Halafu kuna wingi wa sampuli. Jozi ya seli yenye makabidhiano 40 kwa robo saa, na kiwango cha kufeli cha asilimia 2, inategemewa kuwa na kufeli chini ya kumoja kwa kipindi. Kipindi kimoja kikionyesha sifuri na kingine kikionyesha mawili, hujajifunza chochote. Ukitaka angalau kufeli 20 ili uweze kulinganisha, unahitaji makabidhiano 1,000, yaani saa 6 na ziada kwa jozi hiyo. Basi weka muda wa kufunga kwa idadi ya matukio, si kwa saa peke yake: kigezo kifunguliwe pale makabidhiano 1,000 yatakapotimia au saa 24 zitakapopita, lolote litakalotangulia. Jozi isiyofikisha idadi hiyo kwa siku, MRO iiache kwenye thamani ya kawaida.

Eneo nalo lina hesabu yake. CIO inagusa jozi moja. Mwinamo wa antena unagusa seli yenyewe, majirani zake, na mara nyingi majirani wa majirani, kwa sababu mawimbi yaliyokuwa yakifika mbali yamepungua. Kwa badiliko la antena funga duara mbili za majirani.

Mpe kila kigezo mwenyewe mmoja

Usijaribu kuifanya MRO na MLB zikubaliane kila mara. Ni rahisi na salama zaidi kuipa MRO umiliki wa CIO, na MLB iruhusiwe kusogea ndani ya mipaka ambayo MRO imeweka kwa kila jozi. Wazo hili lipo tayari katika kiolesura cha X2, kinachounganisha vituo jirani: seli inapomwomba jirani abadilishe kigezo cha makabidhiano, jirani anaweza kukataa na kumjibu kwa kumtajia mipaka anayoikubali.

Mipaka hiyo iwe mipana kiasi gani? Tuseme tukio la A3 (simu kuripoti kwamba jirani ameizidi seli yake kwa kiwango kilichowekwa) lina ofseti ya 2 dB na histeresi ya 1 dB, na CIO za pande zote mbili ni 0. Simu iliyo A inakabidhiwa B pale B inapoizidi A kwa 3 dB, na inarudi A pale A inapoizidi B kwa 3 dB. Kati ya kwenda na kurudi kuna upana wa 6 dB, nao ndio unaozuia danadana. Sasa MLB inaweka CIO ya A kwenda B kuwa +4. Simu inaondoka A hata B ikiwa dhaifu kwa karibu 1 dB. Kama upande wa pili haukuguswa, simu hiyo inarudi mara A inapoizidi B kwa 3 dB. Upana uliobaki ni 2 dB. Basi la abiria likipita mbele ya simu, limeumaliza upana huo.

Dawa ni kushusha CIO ya B kwenda A hadi −4 kwa wakati mmoja na badiliko la kwanza, na upana wa 6 dB unarudi. Lakini angalia gharama yake. Simu sasa inabaki B mpaka A iizidi kwa 7 dB. Kama seli zote mbili zinatumia masafa yaleyale, na A imejaa, basi mawimbi ya A ni kelele tupu kwa simu hiyo: uwiano wa mawimbi na mwingiliano unashuka hadi karibu −7 dB, pale simu inapoanza kushindwa kusoma chaneli ya udhibiti. Ndiyo maana MRO ilikuwa ikiirudisha CIO. Kwa masafa yaleyale, usiipe MLB zaidi ya 3 dB kila upande. Kwa seli za masafa tofauti mwingiliano huo haupo, na unaweza kuiachia nafasi kubwa zaidi.

Jambo dogo linalosumbua: ombi la X2 linahesabiwa kwa hatua za 0.5 dB, ilhali CIO ya LTE (4G) inakwenda kwa hatua za 1 dB kati ya −6 na +6, na za 2 dB nje ya hapo, mpaka ±24. Ombi la 2.5 litakuwa 2 au 3 kulingana na kifaa. Mratibu arekodi thamani iliyosomwa kutoka kituoni, asirekodi iliyoombwa; vinginevyo baada ya siku chache daftari lake na mtandao havitalingana.

Foleni ya maombi

Kila moduli ipeleke ombi lenye seli, kigezo, thamani ya zamani, thamani mpya, takwimu inayotegemewa kubadilika, na muda wa kukomaa. Mratibu aangalie kama seli hiyo au jirani yake imefungwa, kisha akubali, akatae au aweke foleni. Utaratibu wa vipaumbele unaofaa: COC kwanza, migongano ya PCI (namba ya utambulisho wa seli), kisha MRO, CCO, MLB, na kuokoa umeme mwisho. Seli iliyokufa haiwezi kungoja, umeme unaweza.

Kufuli lolote liwe na mwisho wake. Moduli ikianguka ikiwa imeshika kufuli lisilo na mwisho, mtaa mzima wa seli unaganda na hakuna kengele itakayolia. Pia ombi linalongoja lipande ngazi kadiri linavyokaa, la sivyo MLB haitapata zamu katika eneo ambalo MRO ina kazi kila siku.

Seli iliyolala haijafa

Kuokoa umeme kunastahili uangalifu wa peke yake. Seli ikizimwa, COC inaweza kuiona imekufa na kuinua antena za majirani kuziba pengo. Seli inayozima iwatangazie majirani kwamba imezimwa kwa makusudi (X2 ina alama ya hilo katika ujumbe wa kusasisha usanidi), na mratibu aisomeshe COC alama hiyo kabla haijahukumu.

ANR nayo ina tabia ya kufuta jirani asiyetumika kwa muda. Ikimfuta aliyelala, asubuhi seli inaamka na hakuna anayekabidhi simu kwake. Weka katazo la kufuta kwa kila seli iliyo kwenye mpango wa kuzimwa. PCI yake isigawiwe mwingine: LTE ina 504 tu na kishawishi ni kikubwa.

Viwango vya kuzima na kuwasha vipangwe kwa mzigo utakaokuwepo baada ya kuzima. Seli ya msingi ina asilimia 25, ya nyongeza yenye upana uleule ina 20. Ukiizima ya nyongeza, ya msingi inafika 45. Kama kiwango cha kuwasha ni 40, seli itawashwa papo hapo, na utakuwa umetengeneza danadana nyingine. Weka 60 au zaidi.

Kabla na baada ya kuwasha

Endesha mratibu wiki mbili akiandika maamuzi bila kuyatekeleza. Utagundua moduli zilizo ndani ya vituo zinazobadilisha vigezo bila kuomba ruhusa. Mratibu wa kati hawezi kuzizuia. Zibane kwa mipaka kutoka mfumo wa usimamizi au zizime. Kisha kila usiku linganisha usanidi halisi na daftari la mratibu. Tofauti yoyote ni badiliko lililopita mlango wa nyuma.

Weka kanuni ya kutambua danadana: kigezo kikigeuza mwelekeo mara tatu ndani ya mabadiliko manne mfululizo, kigandishwe saa 24 kwenye thamani ya mwisho iliyokuwa na takwimu nzuri, na mhandisi aitwe. Kurudisha nyuma nako ni badiliko: kunahitaji kufuli lake na muda wake wa kukomaa. Rudisha la mwisho kwanza, moja moja. Ukirudisha mawili kwa pamoja katika eneo moja, hutajua lipi lilikuwa baya, na moduli iliyoleta tatizo italiomba tena kesho yake.